GPS na Redio za Mkononi katika Ndege Ndogo: Akiba Inayohitaji Kutunzwa

Shabaha ya somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wamiliki wa ndege ndogo, marubani wa vilabu, wanafunzi wa urubani na kampuni ndogo za kukodisha ndege. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa aweze:

(a) kueleza kazi ambayo kifaa cha mkononi kinaweza kuifanya na ile isiyoweza kuifanya;
(b) kununua kifaa kinachofaa na kudai haki zake kwa muuzaji;
(c) kukifunga, kukijaribu na kukitunza ili kiwe tayari siku kitakapohitajika;
(d) kukitumia kwa utaratibu pindi vyombo vya ndege vinapozimika.

1. Maana ya akiba

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Usemi huo una hekima nyingi, lakini haukuihusu betri. Akiba ya umeme huoza. Hupungua ikiwa imehifadhiwa kabatini, huharibika kwa joto ikiachwa ndani ya ndege iliyoegeshwa juani, na mwenye nayo hajui kuwa imekwisha mpaka siku anayoihitaji.

Ndiyo maana somo hili linasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: thamani ya GPS au redio ya mkononi huamuliwa kabla ya ndege kuondoka ardhini. Rubani aliyechaji kifaa chake, akakifunga mahali pake, akakijaribu na kuyaandika masafa atakayoyahitaji, ana akiba. Rubani aliyekitia mkobani na kukisahau amebeba mzigo tu.

Vilevile yafaa kutofautisha akiba na chombo cha msingi. GPS ya mkononi haikuidhinishwa kuwa chombo cha msingi cha kuongozea ndege katika safari zinazofuata kanuni za urukaji kwa vyombo. Kazi yake ni kumsaidia rubani anayeruka kwa kuona nje, na kumfikisha mahali salama pale vyombo vilivyofungwa ndani ya ndege vinapokoma kufanya kazi.

2. Nini hutokea umeme wa ndege unapokatika

Injini nyingi za pistoni katika ndege ndogo hupata cheche kutoka kwa magneto, ambazo hujizalishia umeme wake zenyewe. Kwa hiyo alternata ikiharibika, injini haizimi. Ndege huendelea kunguruma kama kawaida, na rubani asiye na desturi ya kuitazama amita huenda asitambue lolote. Wakati huo betri kuu imebeba mzigo wote peke yake. Betri nzima iliyopunguziwa mzigo mapema huweza kudumu kwa muda wa nusu saa hivi. Betri iliyozeeka haitafika huko.

Tuchukue mfano wa ndege ya injini moja aina ya Cessna 206 iliyoondoka Arusha kuelekea Seronera, katikati ya Serengeti. Umbali huo ni takriban maili za baharini 120, yaani mwendo wa karibu saa moja. Tuseme alternata inakufa dakika kumi baada ya kuruka, na rubani anagundua dakika ishirini baadaye, sauti ya redio inapoanza kukwaruza. Muda mfupi baadaye transponda inazimika, kisha redio zote mbili, kisha GPS iliyo kwenye paneli. Vipimo vya mafuta, ambavyo katika ndege nyingi hutegemea umeme, navyo haviaminiki tena. Flapu zinazoendeshwa kwa umeme hazitashuka, na kwa sababu hiyo ndege itahitaji njia ndefu zaidi ya kutulia.

Kinachobaki si kidogo. Dira ya sumaku, kipima kimo na kipima kasi ya hewa havihitaji umeme. Ramani ya karatasi haihitaji umeme. Saa ya mkononi ipo. Rubani aliyefunzwa vyema anaweza kufika salama kwa vitu hivyo, mradi hali ya hewa ni njema na mchana haujaisha. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta mwanga wa jioni ni wa muda mfupi sana; jua likishazama, giza halichelewi. Hapo ndipo vifaa viwili vya mkononi vinapopata umuhimu wake: kimoja kimwambie rubani alipo, kingine kimwezeshe kuwaambia wengine kwamba anakuja.

3. GPS ya mkononi: uwezo na mipaka

Mfumo wa GPS wa Marekani ulisanifiwa kwa setilaiti 24, zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kifaa hupima muda ambao ishara ya kila setilaiti imechukua kufika, kisha hukokotoa umbali. Ili kujua mahali pamoja na kimo, hapana budi kipokee ishara za setilaiti zisizopungua nne. Hadi mwaka 2000 ishara ya matumizi ya kiraia ilikuwa ikipunguzwa usahihi kwa makusudi. Utaratibu huo ulisitishwa mwezi Mei mwaka huo, na tangu hapo kifaa cha kawaida kilicho mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu.

Usahihi huo ndio unaowapumbaza wengi. Kifaa kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kikampoteza mwenye nacho. Yapo mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, kimo. Kimo kinachoonyeshwa na GPS ni cha kijiometria, nacho si sawa na kimo kinachoonyeshwa na kipima kimo cha ndege, ambacho hupima mgandamizo wa hewa. Waongoza ndege na marubani wengine wote hupangiwa vimo kwa kipimo cha mgandamizo. Rubani anayefuata kimo cha GPS hujitenga na mpangilio huo, na anaweza kujikuta katika kimo cha mwenzake.

Pili, kasi. GPS huonyesha kasi ya ndege juu ya ardhi, wala haionyeshi kasi ya hewa inayopita juu ya mabawa. Ndege inayosukumwa na upepo wa nyuma wa noti 15, huku GPS ikisoma noti 65, mabawa yake yanapata hewa ya noti 50 tu. Aidha, katika viwanja vilivyo juu, mathalani Arusha au Wilson jijini Nairobi, kasi halisi katika hewa huizidi ile inayosomwa kwenye kipima kasi kwa takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za kimo. Rubani anayekaribia kutua kwa kutazama kasi ya GPS hujiweka katika hatari ya ndege kuishiwa nguvu ya kunyanyuka karibu na ardhi.

Tatu, namba za latitudo na longitudo. Makosa ya kuingiza namba ni ya kawaida kuliko hitilafu za setilaiti. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimekatwa na Ikweta, hivyo herufi ya kaskazini na ile ya kusini huchanganywa kwa urahisi. Kiwanja cha Arusha kiko karibu na latitudo 3°22′ kusini. Mtu akiandika kaskazini, kifaa kitampeleka zaidi ya maili za baharini 400 mbali na hapo, bila kulalamika. Vilevile dakika 27 na sekunde 50 si sawa na dakika 27.50. Sekunde 50 ni sehemu 0.83 ya dakika, na anayekosea hapo huwa amekwenda kando kwa mita 600 na zaidi.

Ramani nazo zina mtego wake. Usafiri wa anga duniani hutumia mfumo wa marejeo uitwao WGS 84. Ramani nyingi za zamani za upimaji katika Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili katika eneo letu ni karibu mita 300. Mwenye kusoma namba za kiwanja cha mbugani kutoka kwenye ramani ya zamani na kuziingiza katika kifaa kilichowekwa WGS 84, atafikishwa porini, pembeni ya kiwanja.

Nne, mstari ulionyooka. Kitufe cha kwenda moja kwa moja hakijui milima, isipokuwa kama kifaa kina kanzidata ya ardhi na mwenyewe anaitazama. Mstari kutoka Arusha hadi Seronera hukatiza nyanda za juu za Ngorongoro, ambako vilele kadhaa huzidi futi 10,000. Mawingu hutanda huko asubuhi nyingi. Kifaa kitachora mstari wake bila kujali.

Tano, ukimya. GPS iliyoidhinishwa kwa urukaji wa vyombo hujikagua yenyewe na kumwonya rubani ishara zinapokuwa na kasoro. Vifaa vingi vya mkononi havina ukaguzi wa kiwango hicho. Ishara ya setilaiti ikifika ardhini huwa dhaifu mno, na huweza kufunikwa na mwili wa ndege, na kioo chenye utando wa metali, au na mtambo mwingine wa redio. Yako hata masafa ya redio za ndege ambayo marudio yake huangukia karibu na masafa ya GPS. Mtambo unaotuma katika 121.15 MHz hutoa pia mwangwi dhaifu katika mara kumi na tatu ya masafa hayo, nayo ni 1574.95 MHz, ilhali GPS husikilizwa katika 1575.42 MHz. Hali ni hiyo hiyo kwa 131.25 hadi 131.30 MHz zikizidishwa mara kumi na mbili. Rubani anayetumia masafa yanayokaribia hayo atazame alama za nguvu za setilaiti wakati anapozungumza. Zikishuka kila abonyezapo kitufe, aihamishe antena ya GPS mbali zaidi na ya redio.

Simu na kompyuta bapa nazo hufanya kazi hii, na wengi huzitumia. Upokeaji wa GPS hauhitaji mtandao wa simu, lakini ramani hauji bila mtandao endapo haikuhifadhiwa mapema. Zaidi ya hayo, vifaa hivyo hupata joto juani hadi kujizima vyenyewe, aghalabu vikiwa juu ya paneli, chini ya kioo cha mbele.

4. Redio ya mkononi: sauti inafika wapi

Mazungumzo ya ndege hufanyika katika masafa ya VHF, kuanzia 118 hadi chini kidogo ya 137 MHz, kwa mfumo wa AM. Mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Umbali wa juu kabisa unaoweza kufikiwa hukadiriwa hivi: chukua kimo kwa futi kutoka ardhini, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.23. Jibu ni maili za baharini.

Kimo cha futi 100: maili 12
Kimo cha futi 2,500: maili 61
Kimo cha futi 10,000: maili 123

Hesabu hiyo ni ya upeo wa macho tu. Mlima ukisimama katikati, hesabu haisaidii tena. Redio ya mkononi nayo haifikii upeo huo ikitumia antena yake fupi ya mpira ndani ya ndege iliyoundwa kwa bati la alumini. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya redio ya paneli, na bati huzuia sehemu kubwa ya mawimbi. Matokeo yake, rubani huweza kusikia mnara vizuri huku mnara haumsikii yeye.

Dawa yake haipo katika kununua redio yenye nguvu zaidi, bali katika antena. Redio hiyo hiyo ikiunganishwa na antena iliyo nje ya ndege, uwezo wake hubadilika kabisa. Mmiliki anashauriwa amwombe fundi mwenye leseni aweke antena ya pili, au tundu la kuunganishia katika waya wa antena iliyopo, na kazi hiyo iandikwe katika kumbukumbu za matengenezo ya ndege. Mmiliki asijitobolee bawa wala kuunganisha waya mwenyewe.

Kikwazo cha pili ni kelele. Ndani ya ndege ya injini ya pistoni spika ndogo ya redio haisikiki, na kinasa sauti chake hudaka ngurumo kuliko maneno. Adapta ya kuunganisha redio na hedifoni za rubani ni sehemu ya redio yenyewe. Asiye nayo anunue kabla ya kununua kingine chochote.

5. Kabla ya kununua

Mnunuzi anayo haki ya kupata taarifa kamili kuhusu bidhaa. Asione haya kumwuliza muuzaji maswali yafuatayo:

(a) Je, redio hii hutuma kwa mfumo wa AM katika masafa ya ndege? Zipo redio za bei nafuu za VHF, zinazotumiwa na walinzi na wajenzi, ambazo hutuma kwa FM. Baadhi husikiliza ndege bila tatizo, lakini haziwezi kuzungumza nazo. Sura zake zinafanana na za ndege, na mnunuzi hugundua kosa siku ya dharura.

(b) Je, kifaa kimethibitishwa kwa matumizi nchini? Masafa ya redio husimamiwa na mamlaka za mawasiliano: TCRA nchini Tanzania, CA nchini Kenya, UCC nchini Uganda. Mnunuzi aulize uthibitisho wa aina ya kifaa na leseni inayohitajika, hasa anapoagiza kutoka nje.

(c) Je, kinakubali betri kavu za dukani? Kasha la betri za alkalini lina thamani kubwa mahali ambapo chaja haina pa kuchomekwa.

(d) Je, adapta ya hedifoni na kiunganishi cha antena ya nje vimo katika boksi, au vinauzwa pembeni? Bei ya kweli ni ya seti nzima.

(e) Je, kanzidata ya GPS husasishwa vipi, kwa gharama gani, na inahusisha viwanja vya eneo hili? Kifaa chenye ramani nzuri za Ulaya huweza kuwa kitupu juu ya Katavi.

(f) Je, waranti inatambuliwa nchini, na betri mpya itapatikana baada ya miaka mitatu?

Mnunuzi atunze risiti. Iwapo amenunua kifaa kilichotumika, akijaribu ndani ya ndege yake mwenyewe kabla ya kukamilisha malipo, kwa kuwa kifaa kinachofanya kazi dukani hakitoi uhakika kwamba kitafanya kazi angani.

6. Mahali pa kukifunga

Kifaa kinachoelea ndani ya ndege ni hatari. Hewa ikichafuka kinaweza kumpiga mtu usoni au kuanguka chini ya kanyagio. Kwa hiyo kifungwe imara, na mahali pake pachaguliwe kwa kufuata masharti haya:

• kisizuie kuona nje, wala kufunika chombo chochote cha paneli;
• kisizuie usukani kusogea mpaka mwisho wake pande zote, jambo linalopaswa kukaguliwa kabla ya kila safari;
• kisikae karibu na dira ya sumaku. Spika ina sumaku, na waya wenye umeme nao huivuta dira. Rubani aitazame dira kifaa kikiwa mbali, kisha kikiwa mahali pake; dira ikisogea, mahali hapo hapafai;
• antena ya GPS iione anga;
• waya zisikatize mlango wala kumtatiza mtu anayetoka haraka.

Betri za lithiamu zihifadhiwe ndani ya chumba cha ndege panapofikika, ncha zake zikiwa zimefunikwa ili zisigusane na sarafu au funguo. Betri inayovimba, kunuka au kuchemka isitumike tena. Ikishika moto angani, miali izimwe kwa kizimamoto, kisha betri ipozwe kwa maji mengi, na ndege itue mapema iwezekanavyo.

7. Ratiba ya matunzo

Kabla ya kila safari: kagua chaji ya vifaa vyote viwili na ya betri za akiba. Washa GPS ndege ikiwa imesimama, ili ipate setilaiti zake. Linganisha mahali inapoonyesha na kiwanja ulichopo. Andika kwenye karatasi masafa ya kiwanja cha kuondokea, cha kufikia, cha mbadala na ya kituo cha eneo, kutoka katika taarifa rasmi za usafiri wa anga za wakati huo. Soma pia matangazo ya NOTAM, kwani masafa hubadilika na majaribio yanayoathiri GPS hutangazwa humo.

Kila mwezi: tumia redio ya mkononi ukiwa angani, siku ya hali njema, kwa ruhusa ya mwongoza ndege, ukiomba akuambie jinsi anavyokusikia. Fanya hivyo kwa antena ya mpira na kwa antena ya nje, na uandike umbali na kimo. Baada ya miezi michache utakuwa na jedwali la ndege yako, lenye faida kuliko tangazo lolote la mtengenezaji. Majaribio hayaruhusiwi katika 121.5 MHz, ambayo ni masafa ya dharura.

Kila mwaka: acha betri ifanye kazi mpaka iishe, na pima imechukua saa ngapi. Ikishuka chini ya muda wa safari yako ndefu pamoja na saa moja ya ziada, inunuliwe nyingine.

Wakati wote: usiache vifaa ndani ya ndege iliyoegeshwa juani.

8. Utaratibu wakati wa hitilafu

Mpangilio wa kazi haubadiliki: kwanza kuiendesha ndege, pili kujua ilipo, tatu kuzungumza. Wengi hugeuza mpangilio huo, wakaanza kuhangaikia redio huku ndege ikiinama na kupoteza kimo.

Rubani akiona alternata haichaji, afuate orodha ya ukaguzi ya ndege yake. Alternata isiporejea, azime kila kisichohitajika na atumie umeme uliobaki kutuma ujumbe mmoja kamili kwa redio ya paneli, ingali na nguvu: jina la ndege, mahali, kimo, tatizo, kiwanja anachokusudia na muda wa kufika. Ujumbe huo una thamani kubwa kuliko kumi atakazojaribu baadaye kwa redio ya mkononi. Transponda ikiwa ingali hai na mawasiliano yamekatika, aweke namba 7600.

Kisha aamue kiwanja. Kwa anayeruka kwa kuona nje, kanuni ya kimataifa ni kubaki katika hali ya hewa njema, kutua katika kiwanja kifaacho kilicho karibu zaidi, na kutoa taarifa ya kufika kwake kwa njia ya haraka iliyopo. Katika mfano wetu, rubani aliye upande wa mashariki wa Ngorongoro hana sababu ya kuvuka milima ili afike alikokusudia. Arusha iko nyuma yake, ina mnara na njia ya lami. GPS ya mkononi itamwonyesha mwelekeo na muda. Dira na ramani vitathibitisha.

Akikaribia kiwanja atumie redio ya mkononi. Asiposikia jibu, aendelee kutuma ujumbe bila kutegemea jibu, kwani huenda anasikika. Aingie katika mzunguko wa kiwanja kwa uangalifu na aitazame taa ya mnara:

• kijani isiyokatika: unaruhusiwa kutua;
• nyekundu isiyokatika: ipishe ndege nyingine na uendelee kuzunguka;
• kijani inayomweka: rudi uje kutua;
• nyekundu inayomweka: kiwanja si salama, usitue;
• nyeupe inayomweka: tua katika kiwanja hiki na uende kwenye maegesho.

Mchana rubani hukiri kuiona taa kwa kuyumbisha mabawa. Akishatua, apige simu mara moja, ili waokoaji wasitoke kumtafuta mtu aliyekwisha kufika.

9. Tahadhari kubwa kuliko zote

Hatari kubwa ya kifaa cha mkononi huanza kikiwa kizima na kinafanya kazi vizuri. Hapo ndipo kinapompa mwenye nacho ujasiri wa kwenda asikopaswa. Mawingu yameshuka juu ya mlima, lakini kioo chaonyesha kiwanja kiko maili 9 tu ng'ambo. Jua linazama, lakini kioo chaonyesha dakika 14. Rubani ambaye angegeuka nyuma kama hangekuwa na kifaa, anaendelea mbele kwa sababu anacho. Kifaa kinamwonyesha alipo. Hakimwonyeshi kilichomo ndani ya wingu, na wala hakimshikii ndege isibiringike pale macho yanapopoteza upeo.

Kwa hiyo kila rubani ajiwekee sharti hili kabla ya kuondoka: uamuzi wa kwenda, kuendelea au kurudi ufanywe kana kwamba vifaa vya mkononi havimo ndani ya ndege. Safari isiyo salama bila ya vifaa hivyo haiwi salama kwa kuvibeba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini rubani huweza kukawia kutambua kuwa alternata imeharibika?
2. Ndege iko futi 1,600 juu ya ardhi tambarare. Upeo wa mawasiliano ya VHF ni maili ngapi za baharini?
3. Rafiki anakuuzia redio ya VHF aliyokuwa akiitumia mlinzi wa ghala. Utamwuliza nini kwanza?
4. GPS inasoma noti 70 unapokaribia kutua. Ni chombo gani utakitazama kabla ya kupunguza kasi, na kwa nini?
5. Namba za kiwanja cha mbugani umezipata kwenye ramani ya zamani ya Arc 1960. Ufanye nini kabla ya kuziingiza?

Majibu kwa ufupi

1. Magneto hujizalishia umeme, hivyo injini haizimi. 2. Kipeuo cha pili cha 1,600 ni 40, mara 1.23 ni maili 49. 3. Iwapo hutuma kwa AM katika masafa ya ndege. 4. Kipima kasi ya hewa, kwa sababu mabawa hubebwa na hewa, na GPS hupima mwendo juu ya ardhi. 5. Kuzigeuza ziwe za WGS 84, au kuchukua namba kutoka katika taarifa rasmi, kisha kuhakiki mahali hapo siku ya hali njema.